Noti Nyingi, Roho Iko Wapi? Kesi ya Roki ya Progresivu

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwa fundi wa redio na amplifaya, jirani na soko la Mbuyuni mjini Moshi, nikisubiri spika yangu ibadilishwe waya. Fundi ni mzee aliyevuka miaka 70, na enzi zake alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya dansi. Akaingia kijana mwenye gitaa mgongoni, mpiga solo wa kwaya ya vijana ya usharika wake, kuchukua amplifaya iliyokuwa inakoroma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imepona. Hebu ijaribu."

Kijana akachomeka simu, akaweka wimbo wa Dream Theater, bendi ya roki ya Marekani. Kwa dakika mbili kibanda kizima kilijaa noti. Gitaa na kinanda vilikimbizana vikipanda na kushuka kwa mwendo ule ule, dramu zikibadilisha hesabu kila ulipodhani umeikamata. Mzee alisikiliza bisibisi ikiwa mkononi, hakumkatisha. Wimbo ulipotulia akasema, "Vidole anavyo. Ila huyu mtu anaongea bila kumeza mate."

"Mzee wangu, hawa wamesoma muziki chuoni. Kila noti unayoisikia hapo imepangwa."

"Ndiyo maana," mzee akajibu.

Jibu hilo la maneno mawili limekuwa likiwatenganisha wapenzi wa muziki kwa zaidi ya miaka 50, na nadhani linastahili kufunguliwa taratibu, kwa sababu ndani yake kuna malalamiko matatu tofauti yaliyofungwa kamba moja. Mawili nayapinga. La tatu mzee ana haki nalo.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Roki ya progresivu, ambayo mashabiki huifupisha kuwa progu, ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana waliokulia kwenye roki na bluzi walichoka na wimbo wa dakika tatu wenye beti, kiitikio na kwaheri. Wakaanza kuchota kwenye muziki wa okestra za Ulaya, kwenye jazi, kwenye tenzi za kanisani. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza Oktoba 1969. Mwaka 1972 Yes walijaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja unaokaribia dakika 19. Genesis, Pink Floyd, na Emerson, Lake & Palmer walikuwa kwenye msafara huo huo, na ng'ambo ya bahari, Canada, wakawapo Rush. Dream Theater ni wajukuu wa hawa wote: walianza mwaka 1985 wakiwa wanafunzi wa chuo cha muziki cha Berklee, Boston, wakachanganya progu na metali, yaani roki nzito.

Shutuma kwamba muziki huu hauna roho zilianza mapema. Wakosoaji wa muziki wa miaka ya 1970 waliamini kwamba mzizi wa roki ni bluzi ya Wamarekani weusi, na yeyote aliyeuacha mzizi huo akaelekea kwenye okestra walimwona ameitupa mali na kubaki na kasha. Habari za matabaka nazo zilichangia. Genesis, kwa mfano, walikutana Charterhouse, shule ya gharama kubwa ya watoto wa wenye nacho. Panki, roki ya haraka isiyojali ufundi, ilipolipuka mwaka 1976 na 1977, Johnny Rotten, mwimbaji wa bendi ya panki ya Sex Pistols, alionekana na fulana ya Pink Floyd aliyoiandika kwa mkono juu yake kwamba anawachukia. Kuanzia hapo, kujua kupiga chombo vizuri kuliwahi kuonekana karibu kama kosa.

Neno lenyewe, "roho", kwa maana hiyo wanayoitumia Wamarekani, lina kwao. Limetoka kwenye makanisa ya watu weusi, likaupa jina muziki wa souli wa miaka ya 1960: Otis Redding, Aretha Franklin na wenzao. Sisi Waswahili hatusemi sana kwamba wimbo una roho. Tunasema una ladha. Umenigusa. Umenikuna. Au tunasema huu ni wa kusikiliza, ule ni wa kucheza. Na nikimwomba mtu anayeilaumu progu alaumu kwa maneno hayo yetu, lawama inaanza kuachana vipande vipande.

Tuanze na hili la kucheza, maana Moshi na Arusha ndilo linalosemwa kwanza. "Hauchezeki." Ni kweli kwamba progu inapenda hesabu za ajabu. Wimbo mwingi tuliouzoea unatembea kwa mapigo manne, au kwa yale sita yanayoyumba kama ngoma zetu nyingi. Pink Floyd kwenye wimbo wao wa mwaka 1973 kuhusu pesa wanatembea kwa mapigo saba. Mwili unaotegemea la nane unakanyaga hewa. Ubongo wa msikilizaji hufanya kazi ya kubashiri pigo linalofuata, na ukikosea mara kwa mara unachoka, na uchovu huo tunauita ubaridi.

Lakini saba yenyewe haina ubaridi wowote. Bulgaria kuna ngoma ya harusi iitwayo rachenitsa, ina mapigo saba, na bibi wa kijijini anaicheza bila kuhesabu. Wewe pia unaweza kuijua kabla hujamaliza aya hii. Tamka kwa sauti, kila silabi pigo moja: kahawa, chai, chai. Ka-ha-wa, cha-i, cha-i. Rudia mara kumi ukigonga meza kila neno linapoanza. Hiyo ni saba. Ondoa chai moja, ubaki na kahawa, chai, una tano. Nimewafundisha watoto wa jirani yangu hivyo, na kufikia jioni walikuwa wanairukia kamba. Kwa hiyo anayesema progu haichezeki anasema tu kwamba hajakulia nayo, na hilo si dhambi yake wala ya bendi.

Kuna jambo la ndani zaidi hapa, na ndilo lililonifanya niandike. Muziki wetu nao ni mgumu, tena mgumu sana. Ugumu wake umepangwa kwa namna nyingine. Panda kuelekea Monduli siku ya sherehe usikilize Wamaasai wakiimba. Olaranyani anaongoza, anapaa peke yake juu, na chini yake kundi linarudia mlio mfupi wa kooni, huo huo, huo huo, hakuna ngoma hata moja. Ukimchukua mwimbaji mmoja wa kundi ukamsikiliza peke yake, anachofanya ni kidogo mno. Utata unapatikana pale sehemu ndogo ndogo zinapopandana.

Au simama kwenye kipilefti cha YMCA pale Moshi mchana wa Jumamosi, msafara wa harusi unapozunguka na matarumbeta yamepanda nyuma ya pikapu. Juzi nilimwangalia mpiga tuba. Kutoka pikapu ilipoingia kwenye mzunguko hadi ilipopotelea barabarani alipiga noti mbili tu. Mbili. Mashavu yamejaa, jasho linatiririka, macho ameyafumba, mkono mmoja umeshika bomba la gari asianguke. Hakuna atakayemwita bingwa, lakini mshushe yule na harusi yote inabaki makelele ya shaba. Tarumbeta ndogo zilikuwa zinachomeka maneno yao kwenye nafasi alizoziacha, na wapita njia tukawa tunajaza zilizobaki kwa makofi.

Progu hupanga ugumu kwa urefu. Badala ya watu saba kubeba kimoja kimoja kinachojirudia, kila mpigaji anabeba mzigo mzima na anaubadilisha kila baada ya muda mfupi, kama hadithi isiyorudi nyuma. Sikio lililolelewa na marudio linatafuta mahali pa kushika. Kwenye dansi ulipewa mahali hapo: sehemu ya kuimba ikiisha, linakuja chemko, magitaa matatu yanashikana, na unaachwa humo dakika tano, sita, saba, mpaka kila uzi uujue. Mtu aliyelelewa humo akiingia kwenye wimbo ambao hakuna kitu kinarudi, anajiona mgeni aliyenyimwa kiti. Namwelewa mzee wa Mbuyuni hapo kabisa. Ila kunyimwa kiti na kukosa roho ni mambo mawili.

Sasa lawama ya pili, ambayo inaniudhi, na sitaki kuificha hasira yangu. Inasema hivi: wale wamesoma, wamepanga, kwa hiyo hawana hisia, wenye hisia ni wale wanaopiga tu kutoka moyoni. Angalia ni nani anayewekwa kwenye hilo kundi la pili. Ni watu weusi. Ni sisi. Sifa hiyo ya "moyo" mara nyingi inakuja imebeba dharau kwamba mtu mweusi hahitaji kujifunza, muziki anazaliwa nao kama rangi ya ngozi.

James Jamerson aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi za souli kule Detroit, alikuwa mwanamuziki wa jazi. Alikuwa akikwanyua nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na wanafunzi wa besi hadi leo wanatoa jasho kufuata alichokifanya kwa kidole hicho. Stevie Wonder kwenye albamu zake za mwanzo wa miaka ya 1970 alipiga vyombo vingi mwenyewe. Dr Nico, mpiga gitaa wa Kongo, hakupewa jina la daktari kwa ajili ya machozi. Na kwetu, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979: hebu mtu yeyote ashike gitaa afuate solo zake noti kwa noti, kisha aje aniambie hayo yalitoka moyoni bila masaa ya mazoezi. Ufundi ulikuwepo wote. Tumeacha kuuona kwa sababu tumeuzoea.

Na upande wa pili wa uzio haukuwa mtupu vile. Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, alimwona Otis Redding jukwaani London mwaka 1966 akiwa bado mwanafunzi, na amesimulia kwa miaka mingi jinsi usiku ule ulivyomgeuza. Mwenzake Phil Collins alikua akiipenda Motown, na mwaka 1982 alirudia wimbo wa The Supremes, kundi la Motown. Chini ya vinanda vya Tony Banks wa Genesis, tenzi za kanisa la shule zinasikika waziwazi. Hapo mtu wa Moshi ana faida ambayo mkosoaji wa London hana. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mpaka leo huku mlimani mtoto anakua akisikia soprano, alto, tenori na besi kila Jumapili, na matarumbeta yakiongoza tenzi. Yule kijana wa kwaya aliniambia kwamba mara ya kwanza aliposikia Genesis alihisi yuko ibadani. Hakuwa anaigiza uzungu. Alikuwa amesikia kitu cha nyumbani kwao kikirudi kwa njia ya mbali. Nani wa kumwambia kwamba hicho hakina roho?

Limebaki la tatu, la kuongea bila kumeza mate. Hapa namwunga mkono mzee.

Mwimbaji ana mapafu. Mpiga tuba ana mapafu. Pumzi ikiisha lazima anyamaze, na kwenye ule mnyamao msikilizaji naye anapumua. Gitaa na kinanda havina mapafu. Mpigaji anaweza kwenda dakika nzima bila koma, na mwenye vidole vyepesi atakwenda, kwa sababu anaweza. Mbaraka aliimba mwenyewe na kupiga solo mwenyewe, na ukimsikiliza utaona gitaa lake linavuta pumzi pale pale koo lake lingevuta. Sentensi, kituo, jibu. Progu iliyoharibika inakosa hicho kituo, na nikisikiliza baadhi ya solo za Dream Theater, nikiwa nawapenda na nimekaa nao miaka, kuna mahali nabaki nastaajabu tu kama anayetazama mtu akipanda ukuta. Nastaajabu, siguswi.

Namna ya kurekodi nayo ina mkono wake. Bendi zetu za dansi zilipokwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam ziliingia zote chumba kimoja, zikapiga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mtu akimtegea mwenzake sikio. Wimbo ule mrefu wa Yes wa mwaka 1972 ulirekodiwa kwa vipande, kisha utepe ukakatwa na kuungwa. Leo imekuwa kawaida kila mpigaji kurekodi peke yake huku akisikiliza mashine inayohesabu mapigo. Mashine haikusubiri ukichelewa, wala haikukimbilii ukipata mzuka. Ukishazoea kuongozwa nayo, unaweza kusahau kwamba kuna mwenzako wa kumsikiliza.

Hata hivyo baadhi ya wakubwa wa progu walilijua hili kuliko wanavyopewa sifa. Januari 1973 Pink Floyd walikuwa na kipande cha piano cha Richard Wright ambacho hakikuwa na maneno. Wakamwita studio mwimbaji wa kukodi, Clare Torry, wakamwambia aimbe bila maneno yoyote. Alilalama, akapaa, akashuka hadi kunong'ona, akalipwa pauni 30 akaenda zake. Hadi leo watu wanalia wakiisikia sauti ile. Baada ya kwenda mahakamani, mwaka 2005 alipatana nao, na jina lake likawekwa kwenye utunzi. Bendi iliyosifika kwa mitambo ilikuwa na akili ya kutosha kujua mahali ambapo mitambo inyamaze na koo la mtu lizungumze.

Au Neil Peart, mpiga dramu wa Rush. Yeye ndiye aliyeitwa mashine kuliko wote. Katikati ya miaka ya 1990, akiwa tayari ametajwa kwa miaka miongoni mwa bora duniani, alikwenda kwa mwalimu Freddie Gruber akaanza upya jinsi ya kushika fimbo na kuuachia mwili ucheze. Mwaka 1997 binti yake, wa pekee wakati huo, alifariki kwa ajali ya gari. Miezi kumi baadaye mkewe naye akafariki kwa saratani. Peart aliacha muziki, akapanda pikipiki akazunguka Amerika ya Kaskazini maelfu kwa maelfu ya kilomita. Rush walipotoa albamu tena mwaka 2002, sauti ya kwanza kabisa unayoisikia ni dramu zake, peke yake, kwa kasi na nguvu kama mtu anayevunja mlango. Ni ufundi wa hali ya juu. Asiye na miaka 30 ya mazoezi hawezi kuupiga. Mimi siwezi kuutenganisha na yale makaburi mawili. Peart alifariki Januari 2020.

Narudi Mbuyuni. Nilimwomba kijana atuwekee wimbo wa mwisho wa albamu ya King Crimson ya mwaka 1974, ule wa dakika 12. Katikati yake besi inaanza kuzunguka kwa mapigo 13, polepole, na Robert Fripp, mmoja wa wapiga gitaa wenye ufundi mkubwa kuliko wote wa kizazi kile, anapiga noti moja. Anairudia. Anairudia tena. Baada ya muda mrefu anaisogeza juu kidogo, anarudia, huku dramu za Bill Bruford zikinyata pembeni. Kijana alitaka kuongea, mzee akamnyooshea kiganja. Noti ilizidi kupanda, kibanda kikawa kama kimevimba, mteja aliyekuja na redio yake akabaki amesimama mlangoni hajasalimu. Ilipopasuka na saksofoni kuingia, mzee aliweka bisibisi chini.

"Huyu alikuwa anawasubiri wenzake," akasema.

"Na wale wa kwanza?" kijana akauliza.

"Wale bado, mwanangu." Kisha akanyanyuka, akatungua gitaa lake kuukuu ukutani, akakaza uzi mmoja, akaanza ridhimu ya zamani ya mapigo manne, nyepesi, ya kujirudia. "Lete ile saba yako. Iweke hapa juu. Mimi siondoki."

Kijana alichomeka gitaa kwenye amplifaya iliyopona, akalegeza sauti. Mara ya kwanza alipotea. Nikamkumbusha kwa mdomo, kahawa, chai, chai. Nne chini, saba juu, zinaachana, zinakimbiana, na kila baada ya mapigo 28 zinaangukia mahali pamoja. Walipokutana mara ya kwanza kijana alicheka kwa mshangao. Mara ya pili mzee alitikisa kichwa sekunde moja kabla hawajafika, maana alishajua wapi watakutania. Yule wa redio akakaa kwenye kreti ya soda, akaanza kugonga mapajani. Spika yangu ilikuwa bado imefunguliwa juu ya meza, waya zikining'inia, na sikuwa na haraka nayo tena.